Kutoka Pangani Mpaka Usambara kwa Gari la Kale

Nchi iliyoko baina ya mlango wa mto Pangani na vilele vya Usambara imeandikwa na wengi, lakini aghalabu walioiandika waliipita kwa miguu, kwa treni au kwa basi. Mimi niliipita ndani ya Peugeot 404, gari ambalo umbo lake lilibuniwa na Pininfarina wa Italia na ambalo lilianza kutoka kiwandani Sochaux, Ufaransa, mwaka 1960. Na kwa kuwa moto wa injini yake hautawaliwi na kompyuta, bali hutegemea vipande viwili vidogo vya madini, viitwavyo pointi, vinavyofunguka na kufungana ndani ya distributa, kila hewa tuliyoingia, ikiwa ya chumvi, ya joto au ya baridi, ilijidhihirisha katika gari kabla hatujaihisi sisi wenyewe. Nia yangu ni kumwonyesha msomaji nchi hiyo, na pamoja nayo wale watu wachache waliosalia wanaojua kuutafuta moto wa gari uliopotea. Maana ilimu yao ni hazina, na wenye hazina hiyo wanapungua.

PANGANI

Pangani ni mji ambao mto umeupa sababu ya kuwako. Misafara ya bara ilishukia hapa, na nyumba za mawe na chokaa zilizo ukingoni, baadhi yake zikiwa zimeanza kupoteza dari, zingali zinaonyesha jinsi wenyeji walivyokuwa na mali na ladha ya ujenzi. Hapa ndipo Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyewaongoza watu wa pwani kupigana na Wadachi tangu mwaka 1888, aliponyongwa mwezi wa Desemba 1889. Ng'ambo ya mto, kwenye kilima cha Bweni, minazi imesimama mpaka kwenye maji, na pantoni huenda na kurudi ikiwa na baiskeli, magunia, mbuzi na wanafunzi.

Tulilala upande wa mji. Alfajiri umande ulikuwa umelifunika gari lote, na ulimi ukigusa mdomo ulikuta chumvi. Sahibu yangu, mwenye gari, alipowasha, stata iliizungusha injini kwa nguvu na kwa haki, lakini injini haikushika. Hakuendelea kuichosha betri. Alifungua boneti, akatoa kifuniko cha distributa, akakigeuza kwenye mwanga: ndani mlikuwa na unyevu mwembamba, na baina ya nguzo mbili za shaba palikuwa na mstari mweusi uliochorwa na umeme wenyewe. Umeme wa plagi ni wa maelfu ya volti, nao hufuata njia iliyo nyepesi; umande wenye chumvi ni njia nyepesi, na mahali ulipopita mara nyingi huacha masizi ambayo kesho yake huwa njia nyepesi zaidi. Aliukwangua mstari ule kwa ncha ya kisu mpaka ukatoweka, akapangusa kifuniko kwa kitambaa kikavu, kisha akazichomoa plagi nyaya zake. Katika 404 plagi zimezama ndani ya visima virefu juu ya injini, na chini ya visima hivyo maji hukaa pasipo mtu kuyaona, basi alivikausha kimoja kimoja kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti.

Kifuniko tukakianika juu ya ukuta palipopiga jua, nasi tukaenda kwa bibi mmoja aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi za nazi chini ya mkungu. Tukamwamkia.

"Marahaba, wajukuu zangu. Gari limelala na umande?"

"Limelala nao, bibi."

"Mashine za mashua nazo zilikuwa hivyo hivyo. Marehemu babu yenu akiifunika ya kwake guo zito kila jioni, na asubuhi haimsumbui. Kaleni kwanza, jua litafanya kazi yenu."

Mbaazi zake zilikuwa nzito kwa tui, zenye harufu ya iliki kutoka kwenye mahamri yaliyochovywa ndani yake, na sidhani kuna mji katika pwani hii unaoupita Pangani kwa staftahi. Tuliporudi, gari liliwaka mara moja, na tangu siku hiyo sahibu yangu hakulala mahali penye umande pasipo kutandika blanketi juu ya injini.

TANGA

Njia ya kwenda Tanga hupita Kigombe, ambako bahari huonekana baina ya minazi, kisha hupita karibu na magofu ya Tongoni, yenye msikiti na makaburi ya nguzo ambayo wenyeji wa zamani waliyajenga kwa matumbawe na kuyapamba kwa vyombo vya kauri vya nchi za mbali. Tulishuka tukakaa kitambo. Nguzo nyingi zimeanguka, lakini zilizobaki zina unyoofu unaomfanya mtazamaji kuheshimu mikono iliyozisimamisha.

Tanga yenyewe ni mji wa miti mikubwa na barabara pana, mji wa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu nao mwaka 1909, na mji ambako mwezi wa Novemba 1914 jeshi lililoletwa na Waingereza kutoka Uhindi lilishindwa na kikosi kidogo cha Wadachi na askari wao Waafrika, na nyuki walioghadhibishwa na risasi wakawashukia wapiganaji. Lakini mimi nilikuwa na hamu ya Ngamiani, mtaa wa barabara zinazoitwa kwa namba, ambako ufundi wa magari ya kale bado una wenyewe. Tangu Tongoni injini ilikuwa ikikosa pumzi kila mara tulipoharakisha mwendo, na sahibu yangu alimjua mzee mmoja ambaye karakana yake ni mwembe, meza, na sanduku la mbao lenye vyombo vilivyopangwa kwa taadhima.

Baada ya maamkizi, ambayo hayakufanywa kwa haraka, mzee aliisikiliza injini ikinguruma, akaizima, akasema: "Mwanangu, usifungue kitu kabla hujajua moto umefika wapi. Wengi hubadili plagi, kisha koili, kisha waya, wakamaliza fedha na gari liko pale pale. Moto una njia moja. Ifuate kutoka mwanzo."

Akaifuata. Alianza na betri, akakwangua vichwa vyake vilivyofanya ukungu mweupe. Akaenda kwenye swichi, akapima kwa balbu ndogo yenye nyaya mbili, na balbu ikawaka. Akafika kwenye koili, balbu ikawaka tena. Ndipo alipochomoa waya mnene utokao kwenye koili, akaushika kwa koleo lenye mipira, akauweka ncha yake mbali kidogo na chuma cha injini, akamwambia kijana wake azungushe. Cheche ilitoka, lakini ilikuwa nyembamba na ya manjano. "Cheche yenye afya ni ya buluu," alisema, "nayo hulia." Maadamu umeme ulifika kwenye koili ukiwa mzima na ukatoka ukiwa dhaifu, maradhi yalikuwa ndani ya koili au ndani ya distributa, na distributa ndiyo hufunguliwa kwanza kwa kuwa ndiyo huchakaa.

Yapasa nieleze jambo hili kwa utulivu, kwani uzuri wake umenishughulisha safari nzima. Ndani ya koili mna nyuzi za aina mbili: za kwanza nene na chache, za pili nyembamba na nyingi mno. Pointi zikifungana, umeme wa betri wa volti 12 hupita katika nyuzi za kwanza na kuifanya koili kuwa sumaku; zikifunguka, umeme hukatika ghafula, sumaku huvunjika, na kuvunjika kwake ndiko huzaa katika nyuzi za pili volti zaidi ya 10,000, ambazo rota huzigawia silinda kwa zamu. Kondensa, kile kikopo kidogo kilicho kando, huupokea umeme ambao ungeruka baina ya pointi zinapofunguka. Pasipo hicho pointi zingeungua na cheche ingekosa ukali. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 100 kwa kila sekunde. Kazi hiyo hufanywa na vipande viwili vya madini visivyofika upana wa ukucha, na mtu aweza kuvirekebisha kando ya njia kwa vitu vya dukani.

Pointi zetu zilikuwa zimekulana: moja imeota kichuguu, ya pili imechimbika. Mzee aliziweka sawa kwa tupa nyembamba, akazipangusa kwa petroli, kisha akamtuma kijana akanunue nyembe. Mwanya unaotakiwa ni milimita 0.4, wembe mmoja wa kunyolea una unene wa takriban milimita 0.1, basi alibandika nyembe nne pamoja, akazipitisha baina ya pointi zilipokuwa zimefunguka kabisa, akakaza skrubu. Akapaka grisi kidogo kwenye kamu, kwa sababu kile kisigino cha pointi kinachosuguana nayo kikikauka huliwa, na kikiliwa mwanya huziba na moto huchelewa. Na kwa kuwa kuugusa mwanya ni kuugusa wakati wa cheche, aliunga balbu yake kwenye koili, akazungusha injini kwa hendeli polepole, akaigeuza distributa mpaka balbu ikawaka pale pale ilipopaswa.

Kabla hatujaagana alituonyesha jambo lililowahi kuwatoa jasho mafundi wengi: katika Peugeot silinda ya kwanza huhesabiwa kutoka upande wa flaiwili, yaani karibu na dereva, si kutoka upande wa feni. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, na anayehesabu kutoka mbele atazipanga nyaya kwa utaratibu huo huo, atajiona amepatia, na injini itamtemea moto kupitia kabureta. Alilipenda gari lile. Alikumbuka jinsi Bert Shankland na Chris Rothwell, wakiwa na 404 iliyotoka Tanzania, walivyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1966, na wakashinda tena mwaka uliofuata. Na jinsi ilivyokuwa mwaka 1963, Nick Nowicki na Paddy Cliff waliposhinda na 404 yao, magari 84 yakianza na saba tu yakimaliza.

MUHEZA

Hapa hatukukaa. Muheza ni nchi ya machungwa, nayo yamepangwa kando ya njia kwa mafungu, ya kijani kwa nje na matamu ndani. Si mbali na hapo ni Magila, ambako mtambo wa wamisionari ulichapa *Habari za Wakilindi*, kitabu cha Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy kuhusu wafalme wa Usambara, ambacho ninamsihi kila mwenye kuipanda milima ile akisome kabla ya kuipanda. Gari lilikwenda vizuri.

KOROGWE

Baada ya Segera nchi hufunguka, na mkonge huanza kutawala macho: safu kwa safu, buluu iliyochanganyika na kijivu, zikikimbia mpaka chini ya milima. Mmea huu si wa asili ya Afrika. Mdachi Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida mwaka 1893, na katika miche elfu moja iliyosafirishwa 62 tu ilifika ikiwa hai. Kutoka kwa hiyo 62 yalitoka mashamba yote yaliyoifanya Tanganyika kuwa mkuu wa mkonge duniani, na yaliyowaita vibarua kutoka Songea, Kigoma, Rwanda na Burundi, ambao wajukuu wao wengi wangali wakiishi katika mabonde haya leo.

Adhuhuri, joto likiwa limelala juu ya lami, injini ilikufa bila ya onyo. Tulipoiacha ikapoa iliwaka. Tulipokwenda kitambo ikafa tena. Ugonjwa wa namna hii huwapoteza wengi, kwani hupona kila unapotaka kuupima, basi dawa yake ni kuupima ungali moto. Sahibu yangu hakungoja. Mara tu gari liliposimama alichomoa waya wa koili akaangalia cheche. Laiti ingekuwa ya buluu, tungetuhumu petroli iliyochemka katika bomba, lakini ilikuwa dhaifu kuliko ya Tanga. Alitoa kifuniko, akaniambia nizungushe huku yeye akitazama pointi, nazo zilikuwa zikitoa mwako mkubwa mweupe kila zilipofunguka. Mwako ule ulikuwa ushahidi bayana: kondensa ilikuwa imeshindwa na joto, na umeme ambao ingeupokea ulikuwa ukiruka na kuzila pointi ambazo mzee wa Ngamiani alikuwa amezitengeneza kwa uangalifu.

Tulikokotwa na trekta la shamba mpaka pembezoni mwa Korogwe. Pale kijana mmoja, fundi wa pikipiki, ambaye kwa umri wake hangeweza kuwa ameona pointi nyingi, alisikiliza habari yetu, akaingia ndani, akatoka na kondensa iliyovuliwa kutoka Land Rover ya babu yake. Ilikuwa ya umbo jingine, haikuingia mahali pake. Lakini kondensa za magari ya zama zile hazitofautiani sana kwa kiasi cha umeme zinachochukua, na si lazima zikae ndani. Aliifunga nje, kwenye mwili wa distributa, kwa bati lililokunjwa, akahakikisha chuma kimegusa chuma bila ya rangi kati yake, akaunga waya wake kwenye koili upande wa distributa. Cheche ikarudi buluu. Niliona fahari kwa ajili yake, kwani alikuwa amelitatua jambo kwa kufahamu kazi ya kitu, ilhali hakuwahi kufundishwa gari lile.

Mama yake alitukaribisha bada, ugali ule wa muhogo unaoliwa sana katika mkoa wa Tanga, pamoja na kisamvu cha nazi na samaki mkavu. Bada huteleza, na mgeni hufunzwa kutoitafuna. Tulikula chini ya mkwaju, upepo wa mchana ukileta harufu ya makumbi ya mkonge, harufu kali ambayo mtu aliyekulia huko huikumbuka popote aendapo.

SONI

Mombo tulifika jioni, tukalala, tukaondoka kukipambazuka. Kutoka Mombo njia huuparamia ukuta wa mlima, ikipinda kushoto na kulia juu ya mto, na katika mwendo mfupi msafiri hutoka kwenye mibuyu akaingia kwenye migomba, mibuni na viunga vya kabichi vilivyotundikwa kwenye miteremko. Hewa ilibadilika pia, na pamoja nayo tabia ya gari: likawa linashtuka. Nikisema linashtuka nina maana kwamba moto ulikatika na kurudi kwa nukta moja, hasa sahibu yangu alipokanyaga mafuta na kuachia katika kona, na gari lilipokwenda sawasawa moto ulitulia.

Tulisimama Soni, karibu na maporomoko ya maji. Kwa upande mmoja ilikuwa njia ya kwenda Vuga, makao ya Wakilindi, ambako mmisionari Krapf alimkuta mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848 akitawala nchi kubwa iliyoshuka mpaka pwani. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, alisimama nasi akitusimulia habari za Mbegha, yule mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ngulu akapewa ufalme na Washambaa kwa ajili ya nyama aliyowagawia na hukumu njema alizozitoa. Na wakati huo huo sahibu yangu alikuwa ameinama juu ya distributa akiuliza swali moja tu: ni kitu gani humo ndani kinachosogea wakati mguu unapokanyaga na kuachia?

Jibu lake lilikuwa kile kibati kinachobeba pointi. Huvutwa na hewa ya kabureta, hugeuka kidogo mbele na nyuma ili kuwahisha au kuchelewesha cheche, na pamoja nacho hupinda waya mfupi unaoleta umeme kwenye pointi. Kwa nje waya huo ulikuwa mzima. Aliushika ncha zote mbili akauvuta taratibu, nao ukarefuka: shaba ilikuwa imekatika ndani ya ngozi yake, ikigusana na kuachana kila kibati kilipogeuka. Ninakubali kwamba katika ila zote za moto hii ndiyo niliyoistaajabia kuliko zote, kwa kuwa haionekani kwa jicho, haipimiki gari likiwa limesimama, na hupatikana kwa kufikiri tu.

Mwalimu alitupeleka kwa fundi wa redio sokoni. Sahibu yangu aliomba waya laini wenye nyuzi nyingi, kwani mgumu ungekatika tena baada ya siku chache. Fundi akautoa kwenye redio mbovu, akapasha chuma chake katika jiko la mkaa, akalehemu ncha mbili kwa ustadi wa mtu aliyezoea vitu vidogo. Alipomaliza aliomba boneti isifungwe kwanza. Aliita vijana wake wawili, akawaonyesha koili, kondensa na pointi, akawaeleza kwamba mambo yale yote wanayajua tayari kutoka ndani ya redio, isipokuwa hapa ni makubwa na yana mafuta.

LUSHOTO

Lushoto, ambayo Wadachi waliiita Wilhelmstal, ina baridi, ina misonobari, na soko lake lina mapea, plamu, karoti na viazi ambavyo mtu wa pwani huvitazama kwa mshangao. Tulipoliacha gari pembeni ya soko lilizungukwa, na mzee mmoja mwenye koti zito akatuambia kwamba katika ujana wake alikesha kando ya njia siku za Pasaka kuyangoja magari ya Safari yakipita Usambara, na kwamba aliitambua 404 kwa mapezi yake ya nyuma hata kabla hajaisogelea.

"Hili lenu bado lina pointi," aliuliza, "au mmelitia umeme wa kisasa?"

Sahibu yangu alimjibu kwamba bado. Walijadiliana kwa muda mrefu, na hoja za pande zote mbili zilikuwa na uzito. Kifaa cha kisasa hakina kisigino cha kuliwa wala mwanya wa kuziba, cheche yake haichoki, na injini huwaka kwa wepesi katika baridi ya milimani. Haya ni kweli, na anayekwenda kazini kila siku kwa gari la kale hana sababu ya kuyakataa. Lakini kikifa hufa chote, na katika njia tuliyoipita hapakuwa na duka hata moja ambalo lingekuwa nacho, ilhali pointi zetu zilisawazishwa kwa nyembe, zikaokolewa na kondensa ya Land Rover, na zikaungwa kwa waya wa redio, na watu waliofanya hayo walikuwa Ngamiani, Korogwe na Soni. Mimi niko upande wa pointi, na nilisema hivyo. Mzee mwenye koti aliniunga mkono, akaomba apewe hendeli ajaribu kuliwasha kwa mkono. Sahibu yangu akampa, na likawaka kwa mzungusho wa pili.